Chura Asiye na Sumu

Kiswahili kina neno kufuga, nalo ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Twafuga ng'ombe, mbuzi na kuku, twafuga nyuki, mtu hufuga ndevu, hufuga kucha, na asipokwenda hospitali mapema huambiwa anafuga maradhi. Lakini katika miaka yangu zaidi ya sabini sikupata kusikia huku kwetu mtu akisema kwamba anafuga chura. Chura huja mwenyewe mvua zinapoanza, akapiga kelele zake, ng'ombe wakanywa maji kama methali isemavyo, kisha akatoweka. Hata hivyo wako watu, tena si wachache, ambao kufuga chura kwao ni shughuli kamili. Huko Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Marekani wana vyama vyao, majarida yao na masoko yao. Anayependwa kuliko wote ni yule mdogo mwenye rangi kali, atokaye katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, aitwaye chura wa mishale ya sumu. Kazi ya wafugaji hawa ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa.

Nasema kuihakiki kwa makusudi. Wengi hudhani uhakiki ni wa riwaya na tamthilia peke yake. Sisi tuliopita chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini tulifundishwa kwamba kila kazi yenye lengo yaweza kupimwa kwa lengo lake. Mkaguzi anapoingia darasani huomba andalio la somo. Husoma kwanza lengo lililoandikwa juu, kisha hutazama zana, na mwisho huuliza kama watoto wamelifikia lile lengo. Nimewaona walimu wanafunzi wakiingia na chati za rangi za kupendeza, na baada ya dakika arobaini watoto hawakujua jambo lolote jipya ila kwamba mwalimu wao ni hodari wa kuchora. Kizimba cha mfuga chura nakiweka katika mizani hiyohiyo. Zana zake ni nzuri ajabu. Lengo ndilo linalonipa shida.

Zana hizo niliziona kwa mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye ameishi Ujerumani miaka mingi, nilipomtembelea Novemba 2019. Kizimba ni sanduku la kioo, urefu wake kama dawati la mwanafunzi mmoja, limewekwa sebuleni mahali ambapo wengine huweka televisheni. Chini kuna kokoto za kuchujia maji, juu yake udongo uliochanganywa na nyuzi za makumbi, na juu kabisa majani makavu. Ukuta wa nyuma umefunikwa magome na makangaga, na katikati yake imepandikizwa mimea ya jamii ya mananasi, ile ambayo majani yake hukutana chini yakafanya kikombe kinachoshika maji. Bomba jembamba hunyunyiza maji kama ukungu mara kadhaa kwa siku, likiongozwa na saa. Joto halipiti nyuzi 26, na unyevuanga hauachwi ushuke chini ya asilimia 80. Mimi nilikuwa nimevaa koti mbili. Vyura walikuwa katika masika.

Katika pembe moja nilikuta kifuu cha nazi, kimekatwa mlango mdogo ubavuni na kufunikizwa juu ya kisahani cha maabara. Nilicheka peke yangu. Kifuu, ambacho kwetu Tanga ni upawa au ni kuni, kule ni chumba cha uzazi. Chura jike na dume huingia humo, mayai hutagwa juu ya kisahani, na mfugaji hukitoa taratibu kama mtu anayebeba taa penye upepo. Kwa aina ndogo zaidi hutumia vile vikopo vyeusi vya filamu za kamera, vilivyolazwa kwa kuinama kidogo ili maji machache yabaki ndani. Nitavirudia vikopo hivi baadaye.

Kazi kubwa, lakini, ni chakula. Chura huyu hali kitu kisichotembea, wala hawezi kumeza kitu kikubwa. Kwa hiyo kijana wangu hufuga inzi wa matunda, wa aina isiyoweza kuruka, katika chupa zenye uji wa viazi na hamira. Kila baada ya siku chache huanzisha chupa mpya, la sivyo vyura watalala njaa. Kabla ya kuwapa inzi hao, huwatikisa ndani ya kikopo chenye unga wa kalisi na vitamini, kama mpishi anavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Hakosi hata siku moja. Nilimwambia kwamba walimu wangekuwa wanajiandaa hivyo kila siku, shule zetu zingekuwa mbali.

Wala bidii hiyo haipotei bure. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichora ubaoni mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura, na mishale ya kuzunguka, na mchoro ule ulimfaa vizuri chura wa dimbwi lililokuwa nyuma ya bweni. Hawa wa kioo wana habari nyingine. Katika aina nyingi za jamii hii baba hukaa karibu na mayai, huyalowanisha, na yakianguliwa huwabeba viluwiluwi mgongoni mpaka kwenye maji. Katika aina chache kazi ni ya mama. Humpeleka kila mtoto kwenye kikombe chake cha jani, kisha hurudi kila baada ya siku chache kumtagia yai lisilo na mbegu ili ale. Mtoto akimwona mama hutikisa mkia. Mambo kama haya, katika msitu wa mvua, mtu aweza kukaa mwaka asiyaone. Mfugaji huyaona akinywa chai. Kwa kumjulisha mwanadamu mwenendo wa kiumbe huyu, kizimba nakipa alama za juu bila kusita.

Sasa sumu. Kwanza jina lenyewe lina kasoro. Jamii hii ina aina karibu 200, lakini zile zinazojulikana kwa hakika kuwa zimetumika kwa mishale ni tatu hivi, zote za Kolombia. Kubwa kati ya hizo ni chura wa manjano wa pwani ya Pasifiki ambaye Charles Myers, John Daly na Borys Malkin walimwandika rasmi mwaka 1978 kwa jina la Phyllobates terribilis. Watu wa kabila la Embera humsugulia ncha ya kishale mgongoni, humwachia aende, na kishale hicho, kikipulizwa kwa mrija mrefu, huangusha mnyama. Sumu ya chura mmoja hukadiriwa kutosha kuua watu kumi au zaidi. Ndugu zake wengine wana sumu hafifu, na wengine hawana kabisa. Lakini wafanyabiashara wamewaita wote kwa jina la mmoja, kwa sababu jina la kutisha linauzika.

Niliposimama mbele ya kioo nikiwa nimeficha mikono nyuma, kijana alicheka. "Baba mkubwa, shikamoo tena. Hawa hawana sumu. Walizaliwa hapa."

Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo kiini cha uhakiki wangu. John Daly, mkemia wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani aliyefariki mwaka 2008, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ngozi za vyura hawa. Yeye na wenzake waligundua kwamba yule wa manjano, akikamatwa porini, hubaki na sumu miaka kadhaa akiwa kifungoni, lakini watoto wake waliozaliwa kifungoni hawana hata chembe. Vivyo hivyo aina nyingine ya kijani na nyeusi, ambayo mwaka 1932 ilichukuliwa Panama ikapelekwa kisiwa cha Oahu huko Hawaii ili ile mbu. Wa msituni wana sumu, na waliolelewa ndani kwa inzi wa matunda hawana. Wakipewa wadudu waliokusanywa kwenye majani yaliyooza, sumu huonekana. Chura hatengenezi sumu yake, anaila. Inatoka kwa sisimizi, kwa utitiri, kwa mbawakawa na jongoo wadogo wa sakafu ya msitu, naye huiweka akiba ngozini. Kumtoa msituni ni kumtoa kwenye sumu yake.

Kwa nini mtu ajali? Iko habari moja inayoonyesha gharama yake. Mwaka 1974 Daly na Myers walikuwa Ecuador, wakakusanya ngozi za chura mdogo mwenye mistari, na katika maji ya ngozi hizo Daly aliona kitu kilichozuia maumivu kwa panya wa maabara kwa nguvu iliyokuja kupimwa kuwa kama mara 200 ya mofini. Walirudi mwaka 1976, wakakusanya mamia. Baada ya kusafisha, alibaki na chini ya miligramu moja ya kitu chenyewe. Vyombo vya wakati ule havikuweza kusoma umbo lake. Njia rahisi ilikuwa kuwafuga vyura na kupata zaidi. Waliwalea, vyura wakakua vizuri, na ngozi zao hazikuwa na kitu. Mwaka 1987 biashara ya jamii hii iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Daly aliiweka ile chembe kwenye barafu akisubiri vyombo bora, na umbo lake lilijulikana mwaka 1992. Waliiita epibatidini. Yenyewe ni kali mno kuwa dawa, lakini iliwafungulia wanakemia mlango wa kutafuta dawa za maumivu zisizo za jamii ya kasumba. Hebu fikiria, msomaji, kama chura yule angekuwa amebaki sebuleni tu na msitu wake umekwisha. Tungekuwa na mistari yake na sauti yake. Lile lililomfanya mkemia asilale tusingejua kwamba liliwahi kuwapo.

Rangi ya chura huyu ni tangazo kwa ndege na nyoka: usinile. Kiooni tangazo limebaki, kilichotangazwa hakipo. Nimekwisha ona vyeti vya namna hiyo, tena vyenye mihuri.

Jambo linalonigusa zaidi ni la yule mama. Uchunguzi uliofanywa Costa Rica kwa chura mwekundu wa aina ya Oophaga pumilio umeonyesha kwamba yale mayai anayomlisha mtoto hubeba pia sumu, hata mtoto akaanza kuwa na kinga kabla hajatoka majini. Kwa hiyo mama wa kizimbani hufanya kila kitu kama ilivyo ada: hupanda, hushuka, hutaga, hulisha. Anachomrithisha mwanawe ni shibe peke yake.

Nilimwambia kijana haya kwa upole, maana nilikuwa mgeni wake. Alinijibu, "Baba mkubwa, mwanangu ana miaka sita na anaishi humu ndani. Unataka nimfugie sumu?" Hilo ni jibu la mzazi, nami sina la kulipinga. Kama lengo lililoandikwa juu ya andalio ni kupamba sebule na kumfundisha mtoto kutunza kiumbe, basi chura asiye na sumu ndiye anayefaa, na somo limefaulu. Lakini wafugaji hawaandiki hivyo. Katika mazungumzo na maandishi yao lengo linaloandikwa ni kuhifadhi. Husema kwamba kila chura anayezaliwa kizimbani ni mwingine aliyeachwa msituni kwa amani. Mwenye kuandika lengo kubwa asilalamike akipimwa kwalo.

Kwa aina za kawaida nalikubali dai hilo. Wale wa kijani na nyeusi, na wengine wakubwa wanaotaga kwa urahisi, wamezalishwa kwa wingi hata bei ikaanguka, na hakuna mwizi mwenye akili atakayesafiri hadi Panama kuiba kitu kinachouzwa rahisi mtaani kwake. Shida iko kwa wale wenye mama mlezi. Hawa mfugaji hawezi kuwatoa mayai akawalea kirahisi. Ni lazima amwachie mama, na mama huwa na watoto wachache. Uchache huongeza bei, na bei huongeza tamaa. Halafu kuna ugonjwa wa wakusanyaji wote, wawe wa stempu au wa viumbe: kutaka kile ambacho jirani hana. Katika visiwa vya Bocas del Toro, Panama, chura yuleyule mmoja hubadilika rangi kisiwa hadi kisiwa, na mkusanyaji hatosheki na kimoja.

Kijana alinipeleka kwenye soko moja la siku moja, ukumbi mzima umejaa meza, na juu ya meza visanduku vya plastiki. Kila kisanduku kilikuwa na karatasi yenye jina la kisayansi, jina la bonde au kisiwa alikotoka babu wa chura yule, na bei. Bei ya jozi moja ilizidi pensheni yangu ya mwezi. Nilisoma majina ya mabonde nikahisi kama nasoma orodha ya mahudhurio ya darasa ambalo shule yake imekwisha funga.

Hapo ndipo vinaporudi vile vikopo vya filamu. Aprili ya mwaka uleule, 2019, kwenye uwanja wa ndege wa Bogotá walipatikana vyura wa sumu zaidi ya 400, wamefungwa ndani ya vikopo vya namna hiyo, safari yao ikiwa ya Ujerumani. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Januari 2024, katika uwanja huohuo, alikamatwa mama mmoja akiwa na vyura 130, na vikopo vilikuwa vya aina ileile. Chombo ambacho mfugaji mwaminifu humpa chura atagie ndicho mwizi anachomsafirishia. Simshtaki mfugaji kwa kosa la mwizi. Kijana wangu hununua kwa hati na huweka risiti zake kama mhasibu. Nasema tu kwamba wateja wa mwisho wa wote wawili hukutana kwenye ukumbi mmoja, na karatasi ya bei haisemi ni nani aliyemleta babu.

Aliyeelewa jambo hili vizuri ni Iván Lozano wa Kolombia. Alikwisha fanya kazi katika kituo cha Bogotá cha kupokea wanyama waliokamatwa kwa magendo, akawaona vyura wakifika wakiwa nusu wafu. Akaanzisha shamba la kuwazalisha hukohuko Kolombia, liitwalo Tesoros de Colombia, kwa vibali vya serikali, ili wauzwe nje kihalali na kumharibia mwizi soko. Mmoja wa vyura anaowahangaikia ni Oophaga lehmanni wa bonde la Anchicayá, mwenye mikanda myekundu, ambaye amebaki wachache mno kwa sababu ya kuibwa na kwa sababu ya msitu kukatwa. Mpango huu nauheshimu kuliko yote niliyoisikia ya biashara hii, kwa kuwa fedha angalau zinatua nchi alikotoka chura. Hata hivyo Lozano anazuia wizi. Shoka la mkata msitu si lake kulizuia, na chura aliyeuzwa Hamburg hazuii mti mmoja usianguke Anchicayá.

Sisi wa Usambara tunao mfano wetu, tena wenye umri. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba ya misitu yetu. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, na Wajerumani mpaka sasa huliita kwa jina la Usambara. Nililikuta kwa jirani wa kijana wangu, kwenye chungu, kando ya pazia. Bibi yule alifurahi mno nilipomwambia kwamba mimi natoka huko. Limezalishwa kwa mamilioni, kwa rangi ambazo msitu haukuzijua. Na ndugu zake waliobaki kwenye miamba huku wako hatarini, kwa kuwa kivuli cha miti kinaondoka. Miaka zaidi ya mia moja ya kuoteshwa vyunguni haikurudisha kivuli hicho.

Msomaji asije akadhani kwamba napinga kufuga chura kwa hali yoyote. Tanzania ina deni kwa ufundi huu, nalo ni chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, katika eneo la kama hekta mbili lililokuwa likilowa mchana na usiku kwa manyunyu ya maporomoko. Ni wa manjano, hafiki sentimeta tatu, na anauvunja mchoro wa ubaoni kabisa: hatagi, huzaa watoto hai, kila mmoja kama punje ya mchele. Wakati huohuo mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa ukijengwa, na maji yalipoingizwa kwenye handaki mwishoni mwa miaka ya tisini, manyunyu yakakatika. Nawakumbuka watu vijiweni wakiuliza: umeme au chura? Sisi tuliosimamia wanafunzi wakijisomea kwa karabai wakati wa mgao hatukuliona kuwa swali la mzaha.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza. Kwa muda ilionekana imefaa. Juni 2003 walikisiwa kuwa kama 20,000. Miezi michache baadaye karibu wote walikuwa wamekwisha, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukiwa miongoni mwa washukiwa wakuu. Mapema mwaka 2004 walioonekana ni watatu. Mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba porini hayupo tena. Huko Marekani nako walikufa kwa wingi kwanza, mpaka wahudumu wa Bronx na wa Toledo, Ohio, walipojua taa gani, maji gani, wadudu gani. Ufundi ulikuwa uleule niliouona sebuleni: ukungu wa bomba, inzi wa matunda, unga wa vitamini. Mwaka 2010 vyura 100 walirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni mwao. Sijui mnyama mwingine wa ukubwa wa kidole aliyevuka bahari mara mbili kwa heshima namna hiyo.

Hapa lengo liliandikwa kabla ya somo: warudi. Kila kitu kilipimwa kwa hilo, hata kama kilichelewa. Mkaguzi mgumu atauliza: je, korongo lenyewe, lenye manyunyu ya mabomba, si kizimba kingine kisicho na kioo? Swali ni la haki, nami silikwepi. Maji ya zamani hayakurudishwa. Walirudi kwenye mvua ya kutengenezwa. Lakini kule chura hula anachokipata korongoni, hakuna anayempakia unga wadudu wake, na kikimuua kitu ni kitu cha korongo. Kwangu hiyo yatosha kumwita chura wa Kihansi bila kusitasita, na sivyo ninavyoweza kumwita yule wa manjano wa sebuleni.

Nayaandika haya kwa sababu jambo lenyewe limefika nyumbani kwangu. Kijana anataka kurudi. Ameniandikia barua ndefu, yenye adabu, akiomba lile shamba la babu yake lililopakana na msitu, ili ajenge nyumba ya vizimba na kuzalisha vyura wa milima yetu kwa ajili ya wateja wa Ulaya. Milima hii ina jamaa wa chura wa Kihansi, naye huzaa watoto hai, na kijana anajua bei yake itakuwaje. Nimemkumbusha kwamba mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na kwamba vibali ni shauri la wizara, si langu. Lakini kwa kuwa baba yake ametangulia mbele ya haki, ridhaa ya shamba imenijia mimi, na ofisi ya kijiji inataka saini yangu.

Nilimtumia maswali matatu. La kwanza: wazazi wa mwanzo atawatoa wapi, na nani atawahesabu? Amejibu vizuri, kwa jozi na kwa idadi, na amekubali mtaalamu wa chuo kikuu asimamie. La pili: kipande cha msitu kilicho juu ya shamba kitapata nini? Amejibu kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwa kamati ya kijiji kulipa walinzi, na nimemwambia aiandike mbele ya mwenyekiti. La tatu: katika wote atakaowazalisha, ni yupi aliyekusudiwa kurudi msituni, na mpaka siku hiyo atakuwa amelishwa nini?

Barua yake ya mwisho imekuja na bei ya vioo na ya mashine ya ukungu. Swali la tatu hajaligusa. Fomu ya kijiji iko mezani hapa, chini ya miwani yangu, na sijaitia saini.